Mpaka Vitabu Vifike Kitale

Nakhungu alikuwa ameshaulowesha wembe. Beseni la maji lilikuwa tayari, mkeka umetandikwa uani, na wanawake wa boma wamekaa wakingoja nywele za mjane zianguke ili kila mtu aende akaendelee na maisha yake. Hapo ndipo Nekoye alipomwona shemeji yake Kizito akitoka ndani na katoni kifuani. Kizito akaenda mpaka kwenye turubai palipopangwa makoti ya marehemu, viatu vyake na kofia yake, akaimwaga ile katoni hapo hapo. Vitabu vikaanguka kifudifudi, vingine vikafunguka kwenye tope. Nekoye akaokota kitambaa chake, akajifunga kichwa upya na kukaza fundo.

"Mimi sinyolewi," akasema.

Kama hukuzaliwa pande hizi za Chwele unaweza kudhani hilo ni neno dogo. Mjane kukataa wembe, kwani kuna nini, si nywele zake? La hasha. Kwa watu hawa msiba hauishi mpaka mjane anyolewe, kisha ndugu wa mumewe baada yake. Ndugu za marehemu wanaendelea kulala uani kwenye moto, wake zao wanalala peke yao, na hakuna jembe la nyumba ile linaloingia ardhini. Na huo ulikuwa mwezi wa Machi, mwaka wa elfu mbili na nane. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshapiga, majirani wote wako shambani wakitia mahindi na mbolea, na usipopanda wiki hizo usije ukamwambia mtu mwaka ujao kwamba una njaa. Mwanamke mmoja mwenye nywele kichwani alikuwa amefunga mashamba ya ukoo mzima.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya Eliakim, mumewe, aliyekuwa tabibu wa zahanati moja kule juu mlimani kabla vita vya mlima havijamfukuza yeye na wengine wengi. Vitabu vya uzazi, vya upasuaji, vya magonjwa ya watoto, vinene vya kuvunja mgongo wa punda. Alivinunua kimoja kimoja maisha yake yote, na vingine aliachiwa na masista wa misheni waliporudi kwao. Kabla ugonjwa wa sukari haujammaliza alimwambia mkewe, mbele ya watu, kwamba vyote viende Kitale, kwenye darasa lililofunguliwa kwa ajili ya vijana wa mlimani ambao masomo yao ya uuguzi yalikatizwa na vita. Wakihitimu walikuwa warudi huko huko juu, kwenye zahanati zilizobaki na kufuli.

Kizito aliyasikia maneno hayo kama wengine. Lakini Kizito alikuwa na mteja. Mtu mmoja mwenye duka la dawa mjini Bungoma alitaka vitabu avipange kwenye rafu nyuma yake, ili mteja akiingia aone majina ya dhahabu na kumwita daktari. Kusoma hakuwa na mpango wa kuvisoma. Kizito aliona hakuna ubaya. Desturi inasema vitu vya marehemu vinagawiwa ndugu zake siku ya kunyoa, na yeye ndiye mkubwa aliyebaki.

"Makoti chukueni," Nekoye alimwambia. "Viatu, kofia, hata baiskeli. Hivyo vitabu si nguo. Vina wenyewe."

"Wenyewe ni akina nani?"

"Unawajua."

Kizito alitema mate kando. Akainama akavirudisha vitabu ndani ya katoni, akabeba katoni zote sita za vitabu moja baada ya nyingine mpaka kwenye kibanda chake, akatia kufuli. Nakhungu akaufuta wembe kwa pindo la leso na kuuzungushia karatasi. Alikuwa amenyoa wajane wengi, na hakuwahi kurudi nyumbani na wembe mkavu.

*

Siku zilizofuata walimwonyesha Nekoye cha mtema kuni. Hakuna aliyempiga wala kumtukana usoni, watu hawa wana adabu zao. Chai ilimfikia ikiwa imepoa. Wake za shemeji zake walipokuwa wakicheka jikoni, akiingia yeye kicheko kinaisha, mtu anakumbuka ana kuni za kuleta. Ugali wake uliletwa na mboga ya jana. Alikula. Alimaliza sahani yote mbele yao na kuomba maji ya kunawa.

Sokoni Chwele habari ilikuwa imefika kabla ya nyanya. Wengine walisema ati mke wa daktari ana mwanamume Kitale. Wengine walisema ameuza vitabu kwa wazungu kisiri na sasa anatafuta njia ya kuvitoa. Mama mmoja muuza omena alimwambia mwenzake kwamba kusoma sana kwa mume kunaharibu kichwa cha mke, na yule mwenzake akakubali kabisa, ingawa yeye mwenyewe alikuwa hajui Nekoye ni yupi.

Mvua nayo haikuwa na huruma na mtu. Ilinyesha vizuri, kila alasiri, mvua ya kupanda hasa, na ndugu za Eliakim walikaa chini ya paa la jikoni wakiangalia mashamba ya watu wakitamani kulia. Mbegu zilikuwa ndani ya magunia. Binamu mmoja, kwa hasira au kwa uvivu, aliingiza mkono dirishani mwa kibanda cha Kizito, akachomoa kitabu na kuchana kurasa za kuwashia moto. Nekoye alimkuta amechuchumaa akipuliza. Akamnyang'anya kitabu, akazitoa kwenye majivu kurasa ambazo hazijashika moto, akazipanguza kwa gauni lake. Alirudi mkekani akaketi na kile kitabu mapajani, na machozi yakamtoka, kwa mara ya kwanza tangu kuzika. Alikuwa amechoka jamani. Kichwa kilimwasha, mgongo ulimuuma kwa kukaa chini, na alitamani mtu mmoja tu katika boma lile amwambie pole.

Mzee Mukhisa, kiongozi wa ukoo, alikuja kumbembeleza. Alianza mbali, akasifu mazishi yalivyokuwa na watu, akauliza hali ya magoti yake, halafu akafika alikokuwa akienda. Alisema vitabu ni karatasi tu, na karatasi zinachapishwa kila siku. Alisema mjane asiyenyolewa ni aibu kwa marehemu, anaweza kukosa usingizi huko aliko.

"Acha akose," Nekoye alisema. "Mimi mwenyewe silali. Vitabu vikifika Kitale, na mtu wa nyumba hii akavione kwa macho yake vikiingia mlangoni, nitakuja mwenyewe kwa wembe. Kabla ya hapo, mzee, hata mkinishika miguu na mikono, sinyolewi."

Mzee alikuwa na ekari zake mbili zinazongoja pia. Akaondoka na kuwaambia wanaume wakae kikao kesho yake baada ya chai, na Nekoye awepo.

*

Walikaa uani kwa duara, wanaume kwenye viti, wanawake chini. Mzee Mukhisa alimpa Kizito nafasi kwanza. Watu walitegemea aongee juu ya desturi, na mgao, na ukubwa wake katika nyumba. Aliongea hayo kidogo. Kisha akavua kofia, na kilichotoka kinywani mwake baada ya hapo hakikuwa na duka la dawa ndani yake.

"Mnasema nina roho mbaya," alisema. "Sawa. Sasa niulizeni hii vitabu ilishuka mlimani namna gani."

Akajijibu mwenyewe.

"Ilikuja na gari ya serikali. Gari ililetwa ya kutoa wafanyikazi na mali ya zahanati. Ndugu yangu akajaza vitabu. Mimi nilikuwa nasimama hapo barabarani na mtoto wangu Lusweti tukisaidia kubeba. Tukamuuliza, na sisi? Akasema gari imejaa, atarudisha ingine. Wiki hiyo ingine Lusweti akapigwa risasi hapa." Alilishika paja lake. "Nikamweka kwa wilbaro. Nikamsukuma mpaka zahanati. Kufuli. Nikapiga mlango hiyo mpaka mkono ikavimba. Akaishia hapo kwa veranda. Kwa hivyo hii vitabu ilipata nafasi kwa gari, mtoto wangu hakupata. Na saa hii mnataka niibebe tena nipelekee watu wa kule juu, wale walimpiga? Hapana. Wacha iuzwe. Wacha ikae kwa rafu ipate vumbi."

Wengi walijua Lusweti alikufa mlimani, ila habari ya gari hawakuwa wameisikia, kwa sababu Kizito hakuwahi kuisema nduguye akiwa hai. Mwanamke mmoja alianza kulia taratibu. Macho yote yakamgeukia Nekoye, na ilionekana wazi kwamba mchezo umeisha, mjane ameshindwa, na wembe utaletwa sasa hivi.

Nekoye alisimama. Mjane hasimami kwenye kikao cha wanaume, anaongea akiwa chini, lakini yeye alisimama.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa ndani ya hiyo gari, shemeji. Nilikuwa nimepakata katoni. Nilikuona kwa kioo wewe na Lusweti mkibaki nyuma mpaka kona ikawameza. Hakuna siku sijakuona. Eliakim aliogopa. Nimesema. Alikuwa mume wangu na nimemzika, na nasema mbele yenu aliogopa, na mimi niliogopa pamoja na yeye, tukakimbia."

Mzee mmoja akakohoa, maana marehemu hasemwi hivyo kabla ya nywele kutoka. Nekoye hakumjali.

"Lakini niambie kitu kimoja. Vitabu vingebaki na sisi tukaenda, nani angevisoma? Wewe? Mlango ulikuwa na kufuli kwa sababu mlima mzima ulikuwa na tabibu mmoja. Mmoja! Akiogopa huyo, basi, mpaka mtoto wa mtu afe kwa veranda. Mimi nataka wawe wengi. Wawe wengi hadi siku bunduki ikilia tena, nusu yao wakimbie na nusu ibaki. Na hao vijana unaosema walimpiga Lusweti, aliyempiga hasomi uuguzi. Wanaosoma walifungiwa shule na vita hiyo hiyo iliyokuchomea nyumba. Ukitaka kunichukia nichukie, una haki. Vitabu visikae Bungoma kumpamba muuza dawa wakati kule juu milango bado imefungwa."

Aliketi. Akakaza tena fundo la kitambaa kichwani.

Mzee Mukhisa alikuna kidevu. Alimwangalia Kizito, akaliangalia shamba lake mwenyewe la upande wa pili wa kijito, jeusi na laini kwa mvua. Hakutaka kuonekana amemtii mwanamke, na hakutaka njaa. Akasema vitabu vitaenda kwa sababu marehemu mwenyewe alitamka. Mjane hawezi kutoka bomani na nywele za msiba, kwa hiyo anatakiwa mwanamume wa nyumba hii avipeleke, na huyo ni Kizito, kwa vile ndiye mwenye ufunguo. Watu wengine walitaka kucheka wakajizuia.

"Mimi?" Kizito aliuliza.

"Wewe. Ukifika, piga simu. Tutakuwa hapa na wembe."

Nekoye hakulipenda hilo hata kidogo. Njia ya Kitale inapita katika miji yenye maduka mengi ya dawa. Lakini hakuwa na mwingine.

*

Pikapu ilikuwa ya Gachanja, mfanyabiashara wa viazi wa Kitale aliyekuwa akirudi kwake bila mzigo. Alikataa nauli ya vitabu, akasema vikilipiwa atalazimika kuviendesha polepole. Kizito alikaa mbele bila kuongea mpaka Gachanja akachoka kuzungumza peke yake na kuwasha redio.

Darasa lenyewe lilikuwa ghala la mahindi nyuma ya kanisa. Kizito alikuwa amejitayarishia jengo na geti, na pengine mtu wa kugombana naye. Alikuta mabenchi ya mbao, ubao uliopasuka, na vijana wasiozidi wa kujaza basi dogo, wote wakisoma kitabu kimoja kilichowekwa katikati ya meza, wengine wakikisoma kwa upande na wengine herufi zikiwa zimegeuka juu chini. Walipoona katoni walisimama. Hakuna aliyepiga makofi. Walivipokea vitabu kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea mtoto mchanga, wakavipanga mezani, wakavifunua hapo hapo, na mmoja akaanza kusoma kwa sauti bila kungoja mwalimu, aliyekuwa ameenda mjini.

Msichana mmoja kati yao, aliyejitolea kumhudumia mgeni, aliitwa Chesang. Alimletea Kizito kiti na chai. Kizito hakuigusa chai.

"Wewe ni wa kule juu?"

"Ndiyo, baba. Kule juu."

"Uko na watu walikufa?"

"Kaka zangu wawili," alisema.

Kizito aligeuza kikombe mezani. Angeweza kupiga simu wakati huo na kuondoka, kazi yake ilikuwa imekwisha. Gachanja alikuwa nje akimngoja amrudishe stendi.

"Hapo ndani," alisema, akionyesha vitabu kwa kidevu, "kuna mahali wameandika ya risasi ya mguu? Hapa kwa paja. Damu ikitoka sana."

Chesang alimwangalia, halafu akatafuta. Hakuchukua muda. Alifungua kitabu kinene cha upasuaji, akapita na kidole, akamweleza kwa Kiswahili huku akisoma. Chukua nguo, ikunje, iweke juu ya kidonda chenyewe. Kandamiza kwa ngumi, weka uzito wako wote, hata akilia. Ikilowa ongeza ingine juu yake, usiondoe ya kwanza. Na usifunue kuangalia kama imeacha. Ukifunua, damu iliyoanza kuganda inabanduka, inaanza upya.

"Usifunue," Kizito alisema.

"Usifunue kabisa. Watu wengi hufunua."

Kizito aliinamisha kichwa. Pale verandani alikuwa amevua shati lake akaliweka juu ya paja la mwanawe, na alikuwa akilifunua. Alikuwa akilifunua kila mara, kwa sababu alitaka sana kuona kwamba imeacha. Msichana alielewa kitu, akakifunga kitabu na kubaki amesimama hapo, hakujua aende au akae.

"Hiyo mtu anajifunza miaka ngapi?"

"Hii? Hii si ya miaka, baba. Hii ni ya asubuhi moja. Tunaifanya kesho, kila mtu anakandamiza mwenzake."

Kizito akatoa simu. Ilipokelewa mara moja, na aliweza kusikia uani nyuma ya sauti ya Mzee Mukhisa, watu wakiambiana kimya, kimya. Alisema vitabu vimefika. Alisema vimeingia mlangoni, ameona. Kisha akaomba apewe Nekoye.

"Umeviona vikishikwa?" Nekoye aliuliza.

"Vinasomwa saa hii. Shemeji." Akayageuzia mabenchi mgongo. "Wanasema usifunue. Nguo. Mimi nilikuwa nafunua."

Nekoye hakuelewa kwanza, kisha akaelewa: ni Lusweti, pale verandani. Lilikuwapo neno la kumfariji, lingetosha kusema ni mapenzi ya Mungu na simu ikakatwa. Hakulisema.

"Hakuna mtu alikuambia, Kizito," alisema. "Sisi ndio tulikuwa tunajua, na sisi ndio tulikuwa tumeenda."

Kwa mbali Kizito alimsikia Nakhungu akiita maji mengine ya moto, haya yamepoa. Mzee Mukhisa akaichukua simu na kumhimiza aharakishe, kwamba akipata gari sasa hivi atafika kabla ya giza, kesho waingie shambani wote.

"Mnyoeni, mlime," Kizito alisema. "Mimi kesho asubuhi niko na kazi hapa."

"Kazi gani? Na kichwa yako tutanyoa lini?"

"Kwani Kitale hakuna wembe?"

Akakata. Alitoka akamwambia Gachanja aende tu. Aliporudi ndani Chesang alimweleza, kwa heshima, kwamba darasa ni la wanafunzi walioandikishwa na mwalimu ni mkali, hajui kama atakubali mzee akae.

"Mwambie akatae nikiwa nimekaa," Kizito alisema, akasogeza katoni tupu na kuketi kwenye benchi la mbele.